Kasri Lilibomolewa, Zizi Likabaki

Hotuba hii, juu ya zizi moja la farasi la Ufaransa, niliitoa kwenye mkutano wa mafundi wa majengo ya kale, wanafunzi na wakaazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno nimeyaweka kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu. Mafundi wangu, wanangu wanafunzi, na nyinyi majirani mliofunga maduka mapema ili mje kukaa nasi, ahsanteni sana.

Naanza na kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mchanga katika kazi hii, nilitumwa kuorodhesha nyumba za mtaa mmoja hapa mjini. Nilifika kwenye nyumba moja kubwa yenye mlango wa nakshi. Nikaupima mlango ule, nikauchora, nikahesabu mpaka misumari yake ya shaba. Nilipokuwa nakunja futi, bibi mwenye nyumba akanishika mkono. "Mwanangu, na huku nyuma je? Hujakuona." Akanipeleka uani. Palikuwa na banda la punda. Kuta nene za mawe na chokaa, mahori mawili ya kulishia yamejengwa ndani ya ukuta, na sakafu imeinamishwa kidogo ili mkojo uteremke wenyewe kwenye mfereji. Akaniambia hapo ndipo alipolala punda aliyekuwa akiwaletea maji.

Nikachungulia. Nikaandika kwenye karatasi: "Halina thamani." Maneno mawili tu.

Banda likavunjwa. Mlango upo hadi leo, wageni wanaupiga picha. Banda halipo, bibi hayupo, na mimi ndiye niliyeandika.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini leo, mbele ya watu wa mji wa milango na baraza, nimekuja kuzungumza juu ya zizi la farasi la Ufaransa, jibu langu ni lile banda. Ilinibidi niende mbali sana ndipo nijifunze kutazama nilichoonyeshwa nyumbani.

Zizi lenyewe liko Chantilly, kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Paris. Lilijengwa kati ya mwaka 1719 na 1735, mchoraji wake akiwa Jean Aubert, aliyepata ujuzi wake kwenye ofisi ya Jules Hardouin-Mansart, msanifu mkuu wa Mfalme Louis wa 14. Aliyetoa fedha ni mwanamfalme Louis-Henri wa Bourbon, mkuu wa saba wa ukoo wa Condé. Lina urefu wa mita 186. Mafundi, fikirini: mita 186! Katikati pana kuba, na ukisimama chini yake ukaangalia juu, una mita 28 juu ya kichwa chako. Mgeni anayetoka kituo cha treni kwa miguu huliona zizi kabla ya kasri, na wengi hudhani ndilo kasri. Nami nilidhani hivyo.

Humo walikaa farasi 240 na mbwa wa kuwindia 150. Kila mtu Chantilly atakusimulia kwamba mwanamfalme huyo aliamini akifa atarudi duniani akiwa farasi, ndiyo maana akajijengea nyumba mapema. Ni hadithi ya watu, ichukueni kama hadithi. Lakini hadithi haizuki hivi hivi. Watu walilitazama jengo, wakajiuliza ni nani angemjengea mnyama nyumba kama hii, wakatafuta jibu.

Mimi naomba tuliulize swali hilo kwa namna nyingine. Ndugu zangu, jengo hili lilichorwa kwa ajili ya nani hasa?

Nilifika asubuhi moja ya baridi kali. Mle ndani farasi wapo mpaka leo, wanafundishwa na kuonyeshwa kwa wageni. Saisi mmoja, mtunza farasi, alikuwa anasukuma toroli la samadi. Nikasimama karibu na farasi wa kijivu, nikanyoosha kiganja mbele ya pua yake. Akapumua. Pumzi ilikuwa ya moto, ikatoka kama moshi mweupe, ikapita kati ya vidole vyangu ikaanza kupanda. Nikaifuata kwa macho. Ikapita hori, ikapita vichwa vya kulungu vilivyochongwa kwenye ukuta, ikafika kwenye mwanga wa dirisha kubwa la juu, na hapo ikayeyuka. Dari la mle ni tao refu la mawe, mfano wa jahazi lililopinduliwa kifudifudi. Na chini, mahali aliposimama farasi, hewa ilikuwa safi. Baridi, lakini safi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Farasi mmoja hunya kiasi cha kilo 20 kwa siku. Zidisha kwa 240. Mnapata karibu tani tano, kila siku ya Mungu, sikukuu na si sikukuu. Hunywa, tuseme, lita 30. Zidisha: lita 7,200 za maji kila siku, na sehemu ya maji hayo itatoka tena kama mkojo. Mkojo ukioza kwenye majani hutoa hewa kali ya amonia, ile inayochoma macho ukifungua banda lililofungwa usiku kucha. Hewa hiyo huharibu mapafu ya farasi, na farasi mwenye mapafu mabovu hakimbii.

Basi lile dari la juu, ambalo sisi tunaliona ni la fahari, ndilo pafu la jengo. Hewa ya moto inapanda, haimrudii mnyama usoni. Madirisha yako juu ili mwanga uingie bila kumpiga machoni na bila upepo kumpiga mgongoni akiwa na jasho. Dari ni la mawe kwa sababu chini yake kuna majani makavu, na wakati ule taa ilikuwa moto wa kweli, mshumaa na mafuta. Chini ya kuba pana chemchemi yenye sanamu za farasi, na mbele yake birika la maji. Mgeni huiona kuwa pambo. Farasi huiona kuwa maji.

Nani alikuwa mwalimu wa Aubert? Mansart alimfundisha mistari na matao. Kimo cha hori, upana wa nafasi ya kila mnyama, hayo mchoraji hayatoi kichwani mwake. Hayo huanza na mwili wa farasi, na wanaoujua mwili wa farasi ni masaisi. Siwezi kukutajieni jina la saisi hata mmoja wa zama zile, lakini elimu yao imesimama kwenye kila ukuta.

Na jiwe lenyewe! Hapa nitawachelewesha kidogo, mafundi mtanielewa. Jiwe la Chantilly ni la chokaa, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Eneo lile lote la mto Oise ni nchi ya machimbo. Nilisogeza uso karibu na ukuta mpaka nikawa karibu kuulamba, nikaona visimbi. Visimbi vidogo vya baharini, vimejipinda kama pilipili, vimo ndani ya jiwe. Pale palikuwa bahari, miaka zaidi ya milioni 40 iliyopita. Nikajikuta nacheka peke yangu. Nimetoka Unguja, ambako ukuta wetu ni matumbawe, nimepanda ndege kwenda kutazama jengo la mwanamfalme, nakuta nalo limejengwa kwa bahari. Na maradhi yake ni yale yale tunayoyajua: maji yakiingia, jiwe linafumuka unga, ukiliziba kwa saruji ngumu, linaoza ndani kwa ndani huku uso unang'aa. Dawa yake ni ile ile, chokaa na subira.

Nimesema habari ya mnyama. Lakini sitawaficha habari ya fahari, kwa sababu jengo lile ni la fahari mno, na fahari ile ina bei yake.

Fedha zilitoka wapi? Mwaka 1719, zizi linapoanza, Ufaransa ilikuwa imepagawa na noti na hisa za benki ya mtu mmoja aitwaye John Law. Mpango ule uliporomoka mwaka 1720 na watu wengi wakafilisika. Louis-Henri alikuwa miongoni mwa wachache waliovuna mali nyingi mno kabla haujaanguka. Baadaye, mwaka 1723, akawa waziri mkuu wa Mfalme Louis wa 15, na mwaka 1726 mfalme akamwondoa na kumrudisha shambani kwake Chantilly. Akarudi kwenye farasi wake na ujenzi wake. Nalipenda zizi lile, lakini kila nikilitazama nawakumbuka walioamka asubuhi moja wakakuta karatasi zao hazinunui mkate. Ni lazima tuyashike mawili haya pamoja. Sisi wa mji huu, ambao nyumba zetu nzuri zilijengwa kwa karafuu, na karafuu zikachumwa na mikono ya watumwa, tunajua maana ya kuyashika mawili pamoja.

Kuna kisa husimuliwa cha mwaka 1782. Mrithi wa ufalme wa Urusi, Paul, alikuwa safarini Ulaya akitumia jina lingine. Mwana wa Louis-Henri akamkaribisha Chantilly, na chakula cha usiku kikaandaliwa chini ya kuba. Pande zote zilifungwa kwa mapazia mazito, mishumaa imewashwa, meza imepambwa, mgeni akaamini yumo kwenye ukumbi wa kasri. Wakala, wakashiba. Kisha mapazia yakafunguliwa. Huku farasi, huku farasi, mistari miwili inayokwenda mpaka macho yanachoka. Hebu jiwekeni mahali pa mgeni yule. Saa zima amekaa mezani katikati ya farasi 240 na pua yake haijamwambia kitu! Hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa fundi wa hewa.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo.

Tarehe 14 Julai 1789 Paris ililipuka, gereza la Bastille likatekwa. Siku tatu tu baadaye, mwanamfalme wa Condé, yule mwana wa Louis-Henri, alikuwa ameshakimbia nchi. Chantilly ikabaki bila mwenyewe. Kasri kubwa la ukoo, lile walimolala wenyewe na kupokea wafalme, likauzwa ili livunjwe, na mawe yake yakachukuliwa. Likabaki kasri dogo la pembeni. Na zizi je? Zizi lile lenye anasa, lenye jina la mwanamfalme limeandikwa kwa herufi kubwa chini ya kuba, lenye kila sababu ya kuchukiwa?

Zizi halikubomolewa. Jeshi la mapinduzi lilikuwa na farasi, na farasi wanahitaji hori, maji na hewa. Askari wapanda farasi wakaingia, wakafunga farasi wao pale pale walipofungwa farasi wa mwanamfalme. Kasri lilikuwa na adui, zizi lilikuwa na kazi. Kasri lilibomolewa, zizi likabaki.

Narudia, kwa sababu nataka vijana mwende nalo: kasri lilibomolewa, zizi likabaki.

Kazi ikaleta kazi. Husimuliwa kwamba mwaka 1833 wawindaji walikuwa wanarudi na farasi wao, wakashindana mbio kwenye uwanja wa nyasi ulio mbele ya zizi, wakagundua ardhi ile ni laini na inafaa mno. Mwaka uliofuata, 1834, mashindano ya kwanza ya farasi yakafanyika hapo. Mpaka leo farasi wanakimbia mbele ya ukuta ule wa mita 186, na mji mzima unaishi kwa farasi: wafunzi, masaisi, waganga wa wanyama, mafundi wa kwato. Nilikutana nao alfajiri njiani wakielekea msituni, mstari wa farasi umevishwa mablanketi, kama hapa unavyokutana na wachukuzi wa samaki.

Kasri mnaloliona leo kwenye postikadi za Chantilly ni jipya, limejengwa upya kuanzia mwaka 1875 na Henri wa Orléans, mwana wa Mfalme Louis-Philippe, aliyerithi mali ile akiwa mtoto. Huyu hakuwa na mrithi aliyebaki hai, akalitoa shamba lote, kasri, zizi na msitu, kwa Institut de France, taasisi ya wanazuoni. Alifariki mwaka 1897. Kwa hiyo, wazee wangu, zizi ni kongwe kuliko sehemu kubwa ya kasri. Mtumishi amempita bwana wake umri!

Lakini jengo lenye kazi nalo huchoka. Mwaka 1982 mwalimu mmoja wa kupanda farasi, Yves Bienaimé, alifungua humo makumbusho ya farasi hai. Sikilizeni hilo neno: hai. Angeweza kuweka matandiko na lijamu kwenye kabati za kioo, akafunga mlango saa kumi jioni. Yeye aliweka farasi wenyewe, wapumue, wanye, wagonge kwato sakafuni. Mtu alipoingia, alielewa dari bila kuelezwa.

Kisha mwaka 2005 ukaundwa mfuko wa kuliokoa shamba lote la Chantilly, na mwenye kuusimamisha mnamjua: Karim Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, aliyefariki Februari 2025. Alikuwa mfugaji mkubwa wa farasi wa mashindano, na makazi yake yalikuwa karibu na hapo hapo Chantilly. Mapaa, mawe, mifereji, yakaanza kutengenezwa, na makumbusho ya farasi yakafunguliwa upya mwaka 2013. Mtu huyo huyo, ambaye sehemu ya utoto wake ilipita Nairobi, taasisi yake ndiyo iliyolitengeneza lile jengo la zahanati ya zamani hapo baharini na bustani ya Forodhani iliyofunguliwa tena mwaka 2009. Kati yenu hapa wapo waliochanganya chokaa kwenye kazi zile. Mzee wangu uliyekaa pale nyuma, usiiname, nakuona.

Siwaambii haya ili tungoje tajiri mwingine. Nawaambia kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye matengenezo ya kule. Kazi ilianzia juu, kwenye mifereji ya maji ya mvua. Kila mtu anataka kutengeneza sanamu za farasi zilizo juu ya lango, maana ndizo zinazopigwa picha. Wao walianza na maji. Na sisi? Tarehe 25 Desemba 2020 tulisikia sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la sultani, ikianguka. Watu wawili walipoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nyumba ile ilikuwa imefungwa kwa wageni kwa miaka. Sote tuliokuwa tukipita mbele yake kila siku tuliona majani yakiota juu. Niliyaona. Mliyaona.

Jengo likikaa bila mtu ndani, nani atasikia tone la maji linapoanza kudondoka? Pale Chantilly, saisi analala karibu na farasi wake. Tone likidondoka usiku, farasi anashtuka, saisi anaamka. Nilimuuliza yule wa toroli, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, ni nani anayekagua paa. Akanionyesha majani makavu chini ya mnyama. Yakilowa upande usiostahili kulowa, alisema, anaripoti siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja sijalitaja. Mpango mzima wa zizi lile haukumalizika. Louis-Henri alifariki mwaka 1740, na upande wa mjini pamebaki lango kubwa, Lango la Saint-Denis, lililokuwa sehemu ya mpango mkubwa zaidi. Meno ya mawe yametokeza ukutani, yanangoja jiwe jingine la kushikana nalo. Karibu miaka mia tatu yanangoja. Watu wanapita chini yake kwenda kununua mikate.

Sasa kazi yetu. Jumamosi hii tunaanza kuorodhesha yale ambayo orodha za zamani ziliyaruka: mabanda ya uani, majiko ya nje, visima, mahodhi, vyumba vya watumishi. Tumegawana mitaa, kila kundi lina fundi mmoja mzee na wanafunzi wawili. Karatasi ni kama zile nilizotumia mimi ujanani, isipokuwa nafasi moja nimeibadilisha. Pale palipokuwa pameandikwa "thamani", sasa pameandikwa "nani alikaa humu?" Msiijaze kwa kubahatisha. Mwulizeni bibi wa nyumba, na akikushikeni mkono kukupelekeni nyuma, nendeni.

Mje na futi, tochi na maji ya kunywa. Tunakutana Forodhani saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.